Sensa

Mara ya kwanza lilinizimikia Uthiru,
magunia sabini ya viazi vya Njabini mgongoni,
saa kumi alfajiri.
Halikukohoa. Halikutoa moshi.
Lilinyamaza tu,
kama mtu aliyedaiwa mbele ya wakwe.

Nikangoja dakika ishirini, nikageuza ufunguo,
likanguruma
kana kwamba ni mimi niliyeota.

Gathogo wa Ruiru, aliyeniuzia, aliapa
kwa mama yake aliye hai na baba aliye kaburini
kwamba injini haijawahi kufunguliwa.
Kuhusu waya hakuapa.
Nami sikuuliza.

Kariobangi Light, Fundi Ligale
alichomeka kimashine chake chini ya usukani
akasoma kwa sauti ya karani:
P, sufuri, tatu, tatu, tano.
"Sensa," akasema.
Nikamwambia sensa ilishapita,
nilihesabiwa pamoja na kuku wangu.
Akacheka. "Hii ni nyingine. Hii huhesabu meno."

Akanichorea kwa chaki ubavuni mwa tairi:
gurudumu la chuma ndani ya tumbo la injini,
meno pande zote, na pengo moja,
na jicho dogo la sumaku lisilopepesa
likihesabu kila jino lipitapo.
Likifika penye pengo hujua: mzunguko unaanza hapa.
Kompyuta ikikosa hesabu hiyo
haijui pistoni imefika wapi,
na isipojua,
tofauti na watu wengi ninaowafahamu,
hunyamaza.

Barabara ya Kirinyaga, duka la kushuka ngazi tatu:
mpya, elfu tisa na mia tano;
iliyotumika, elfu tatu, na Mungu akusaidie.
Nikatoa elfu tisa na mia tano
kutoka bahasha ya karo ya Mutheu.
Bahasha ikawa nyepesi hata upepo wa feni ukaigeuza.

Tukaifunga. Likawaka. Siku mbili.
Siku ya tatu likazima Allsopps, saa mbili asubuhi,
na kila honi ya Nairobi
ikanitaja kwa jina.

Fundi mwingine angesema umeuziwa feki.
Mwingine angesema kompyuta imekufa, leta elfu sitini.
Ligale alikaa juu ya ndoo akala hindi la kuchoma,
mstari kwa mstari, bila neno.
Ni Wanza, mwanagenzi wake,
binti mwenye grisi hadi kwenye nyusi,
aliyeuliza:
"Ile mashine ilisema sensa, ama ilisema njia ya sensa?"

Ligale akaacha kutafuna.

Wakasoma tena. Njia.
Neno lilikuwepo tangu siku ya kwanza.
Tulilimeza sote
kwa haraka ya kupata wa kulaumu.

Wanza akaingia chini ya lori, mita kifuani.
Injini baridi: waya nzima.
"Washa. Acha ipate joto."
Tukangoja hadi mabati ya karakana yakaanza kulia kwa jua.
Akaipapasa waya kidole kwa kidole
kama unavyopapasa mkono wa mtoto aliyeanguka,
ukimtazama usoni.
Injini ikakatika.
"Hapa," akasema huko chini. "Hapahapa."

Kibanio kilivunjika zamani.
Mtu alifunga waya kwa uzi wa gunia,
uzi ukalegea, waya ikasugua chuma, ikachubuka.
Ikiwa baridi haigusi.
Ikipata moto inalala juu ya chuma
na hesabu yote inamwagika.

Uzi wa gunia.
Gathogo, nimekuona.

Kipande cha waya, risasi ya kuchomea,
mpira wa kuvalisha, kibanio: mia nne.
Nikamuuliza Wanza ada yake.
Akafuta mikono, akaangalia magunia.
Nilimpa moja, na elfu juu yake.

Sensa ya zamani ningali nayo,
nyeusi, ya ukubwa wa kidole gumba,
inagongagonga ndani ya droo nikipanda Uthiru.
Juzi nilitaka kuitupa.
Mutheu akaishika, akaigeuza,
akauliza, "Kwani hii ilikosa nini?"

Nikairudisha kwenye droo.